Jiko lilikuwa limeshakolea

Sentensi ni ileile karibu kila mara. Turubai limefungwa uani, majirani wamekaa kwenye mabenchi ya kuazima, na mtu mmoja anajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza kwa sauti: "Lakini jiko waliliingiza likiwa limeshakolea. Halikuwa na moshi hata kidogo."

Anayesema hivyo hamtetei marehemu. Anashangaa kweli.

Sentensi hii imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa, tangu baridi ilipoanza kubana nyanda za juu, huko Njombe, Makete na Mufindi, na ng'ambo ya mpaka Limuru na Nyandarua. Tangazo la redio la kesho yake huwa linajulikana kabla halijasomwa: wananchi waache uzembe wa kulala na jiko la mkaa chumbani. Lakini huyu aliyelazwa ndani hakuwa mzembe. Alilipepea jiko nje, akavumilia upepo, akasubiri mpaka kaa zote zikawa nyekundu na moshi ukaisha, ndipo akalibeba kuingia nalo. Alifuata kanuni aliyofundishwa tangu utotoni.

Kanuni ndiyo iliyomuua.

Moshi si kipimo

Kuni mbichi ikiwaka huchoma macho na kukaba koo, na mtu hutoka nje bila kuambiwa. Usumbufu ule ni kengele. Mkaa hauna kengele hiyo, kwa sababu umeshapikwa tanuruni. Vyote vinavyoleta moshi na harufu viliishia porini, ikabaki karibu kaboni tupu. Moshi wa dakika za kwanza unatoka kwenye vijiti na mafuta ya taa ya kuwashia, na kwenye vipande ambavyo havikuiva vizuri. Ukiisha, tunasema jiko limekolea, na tunaona limekuwa safi.

Tazama kinachotokea ndani yake. Hewa inaingia kwa chini, kwenye kile kidirisha cha kutolea majivu. Oksijeni inakutana na kaa za chini, inaungua nazo na kuwa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo inapopanda na kupenya kaa nyekundu za juu, inachukua kaboni zaidi na kugeuka kuwa kaboni monoksaidi, ile ambayo watu huiita gesi ya mkaa. Ikifika juu na kukuta joto kali na hewa ya kutosha, sehemu yake inaungua. Kile kimuali cha bluu kinachocheza juu ya mkaa uliokolea ndicho hicho: sumu inaungua mbele ya macho yako.

Sasa joto linapungua. Kimuali kinazimika. Majivu meupe yanafunika kaa, na jiko linaonekana limechoka. Gesi inaendelea kutoka, safari hii bila kuungua.

Ndiyo maana saa ambayo mtu huona jiko "limebaki la kuota tu" si saa ya kuliamini. Na kulifunika kwa majivu ili lisiwake sana ni kuliongezea muda. Bibi zetu walifukia kaa jivuni ili asubuhi wakute moto. Moto wa kungoja asubuhi haujazima, unapumua polepole usiku kucha.

Gesi yenyewe haina rangi wala harufu. Uzito wake unakaribiana sana na wa hewa, kwa hiyo haituami sakafuni kama wengi wanavyodhani, na aliye kitandani hajamzidi usalama aliyelala mkekani. Ikiingia kwenye damu inaishika hemoglobini, ile inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwanasayansi wa Uskoti, John Scott Haldane, aliivuta mwenyewe maabara miaka ya 1890 huku akiandika dalili zake, na ndiye aliyependekeza wachimba makaa ya mawe washuke na panya au ndege wadogo, kwa sababu viumbe hao huzidiwa mapema kuliko mtu. Migodi ya Uingereza iliendelea kushuka na ndege wa kanari hadi miaka ya 1980.

Wafugaji wa kuku wana kanari wao bila kujua. Banda la vifaranga limezibwa kwa maturubai, majiko mawili ndani, asubuhi vifaranga wamekufa wamerundikana, na mwenye banda anakimbilia duka la dawa kununua ya mafua. Usiku unaofuata anaamua kulala nao humo humo ili awaangalie.

Hesabu ya chumba kimoja

Chukua chumba cha kupanga, mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5. Hizo ni mita za ujazo 22.5 za hewa, tukisahau kwamba kitanda na kabati navyo vinakula nafasi.

Kilo moja ya mkaa ikiungua kwenye jiko la kawaida hutoa kaboni monoksaidi inayozidi gramu 100. Weka nusu kilo tu, kile kirundo kinachobaki baada ya kuivisha ugali na mboga. Ni gramu 50, yaani miligramu 50,000. Zigawe kwa chumba: zaidi ya miligramu 2,200 katika kila mita ya ujazo.

Shirika la Afya Duniani linaruhusu miligramu 100 kwa muda usiozidi dakika 15, na miligramu 10 tu kwa saa nane.

Utasema hakuna chumba kinachoziba hivyo. Sawa. Tuseme sehemu tisa kati ya kumi zimetoka kwenye mapengo ya mlango na dirisha. Zinabaki miligramu 220, mara 22 ya kiwango cha saa nane. Kwa kiwango hicho kichwa huanza kuuma baada ya saa mbili au tatu, wakati mwenye kichwa keshasinzia. Chumba kikiziba zaidi ya hapo kidogo, au mkaa ukiwa kilo nzima, tunaondoka kwenye maumivu ya kichwa. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko hata hewa safi ina oksijeni pungufu ya ile ya Tanga.

Kuna jambo moja ambalo hesabu hailionyeshi. Gesi hii huanza na ubongo. Mtu anaweza kuamka saa nane usiku, akahisi kichwa kizito, akajua kabisa kwamba kuna kitu hakiko sawa, akajaribu kusimama na miguu ikakataa. Wapo wanaokutwa kati ya kitanda na mlango. Kwa hiyo "nikizidiwa nitafungua" si mpango. Uamuzi ni wa saa tatu usiku, akili ikiwa bado yako.

Nyumba ilibadilika

Mtu anaweza kuuliza: mbona wazee waliota moto ndani miaka yote?

Waliota ndani ya nyumba nyingine. Paa la nyasi linapitisha hewa kila mahali, na kati ya ukuta na paa palikuwa na uwazi ambao hakuna aliyejishughulisha kuuziba. Moto wenyewe ulikuwa wa kuni, wenye moshi wa kumtoa mtu nje.

Leo ukuta umepigwa plasta, juu kuna dari, dirisha ni la aluminiamu na kioo, na chini ya mlango pamesukumwa kanga kuukuu kuzuia upepo na panya. Kila hatua hapo ni maendeleo, na kila hatua imeziba njia moja ya hewa. Nyumba ilihama, jiko likabaki na desturi zake.

Ukuta wa chumba kwa chumba hauokoi pia. Kwenye nyumba za kupanga kuta nyingi huishia kwenye dari, na juu ya dari ni uwanja mmoja kwa wapangaji wote. Jiko la korido, au jenereta la mwenye duka la mbele, linaweza kumfikia mtu ambaye hajawahi kununua mkaa.

Inavyofanana na malaria

Kichwa kinauma, kichefuchefu, mwili hauna nguvu, kizunguzungu. Kwetu hapo kila mtu ameshataja ugonjwa.

Dalili za gesi hutofautiana na malaria kwa mambo manne, na yote unaweza kuyaona bila kipimo. Hakuna homa. Wanaumwa watu kadhaa wa chumba kimoja kwa wakati mmoja. Wakitoka nje wanapata nafuu, na kufikia saa nne asubuhi wanajiona wazima. Jioni ikirudi na jiko, maumivu yanarudi nalo. Familia inaweza kwenda hivyo wiki mbili, ikinunua dawa za maumivu, mpaka usiku ambao mkaa ulikuwa mwingi zaidi.

Mkifika zahanati semeni wenyewe: "Tulilala na jiko." Msisubiri kuulizwa. Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni hakiwezi kutofautisha hemoglobini yenye oksijeni na iliyoshikwa na gesi hii. Kinaweza kusoma asilimia 98 kwa mtu ambaye mwili wake unakosa hewa, na mhudumu mwenye foleni ndefu akamrudisha nyumbani.

Wala msitafute ngozi nyekundu kama cheri mnayosoma mitandaoni. Kwa walio hai haionekani mara nyingi.

Beseni la maji na glasi ya maziwa

Nyumba nyingi huweka beseni la maji karibu na jiko ili "linyonye gesi". Gesi hii haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana. Ndani ya chumba cha hesabu yetu, ndoo ya lita 10 haiwezi kunyonya hata miligramu moja kati ya zile 50,000. Beseni linampa mtu ujasiri wa kufunga dirisha, na hapo ndipo madhara yake yalipo.

Maziwa ni hivyo hivyo. Sumu iko kwenye damu kupitia mapafu, haipo tumboni. Ukimnywesha mtu aliyepoteza fahamu, maziwa yanaingia kwenye njia ya hewa na unaweza kumuua kwa mkono wako.

Dawa ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, damu huchukua kama saa nne hadi sita kupunguza nusu ya gesi iliyobeba. Kwa oksijeni safi ya barakoa ni kama saa moja hadi moja na nusu. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya kuwahi kituo chenye mtungi wa oksijeni, hata kama zahanati ya jirani iko karibu zaidi.

Ukikuta hawaamki

Mlango ukifunguliwa watu hukimbilia ndani na kuanza kuwatikisa na kuwaita majina. Huo ni muda wa kuvuta gesi.

Vuta pumzi nje. Ingia, sukuma mlango uwe wazi kabisa, fungua dirisha kama liko njiani, mshike wa karibu kwa shuka aliyolalia na umburute hadi nje. Toka kabisa, vuta pumzi tena, rudi kwa mwingine. Wawili mkipokezana ni bora kuliko mmoja shujaa. Jiko lenyewe litolewe baada ya watu.

Nje, anayepumua alazwe kwa ubavu. Asiyepumua akandamizwe katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa anayejua kupuliza ni mikandamizo 30 kwa pumzi mbili, na asiyejua aendelee kukandamiza bila kusita. Kumpakata kwenye bodaboda mtu aliyepoteza fahamu ni balaa la pili. Tafuteni gari au bajaji alale.

Hata walioamka wenyewe na kusema wako sawa waende, hasa wajawazito, maana mtoto aliye tumboni huathirika zaidi na huchelewa kuitoa gesi kuliko mama yake. Na nyumbani wawaangalie kwa wiki kadhaa: kusahau ovyo, tabia kubadilika au mwendo kuyumba vinaweza kuja siku nyingi baada ya mtu kuonekana amepona. Hilo nalo lirudishwe hospitali, na sababu itajwe.

Chumba cha mzazi

Hapa ndipo ninapositasita zaidi, kwa kuwa jiko la chumba cha mzazi huletwa kwa mapenzi. Mama amejifungua, kichanga hakitakiwi kupigwa na baridi, bibi amesafiri kuja kukanda, dirisha limefungwa na pazia zito juu yake. Kumwambia bibi "toa jiko" bila kumpa kitu cha kushika mahali pake ni kumwambia ampende mjukuu kidogo.

Kichanga hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika, mara mbili au zaidi ya mtu mzima, kwa hiyo sumu inamfikia haraka. Hawezi kusema kichwa kinauma. Atalegea na kuacha kunyonya, na watu watasema analala vizuri kwa sababu ya joto.

Kitu cha kumpa bibi kipo: kifua cha mama. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, hospitali ilikuwa na uhaba wa vifaa vya kuwapa joto watoto njiti, na daktari Edgar Rey akaanza kuwaweka kifuani, ngozi kwa ngozi. Sasa njia hiyo ya kangaruu inatumika dunia nzima. Mtoto avuliwe, abaki na nepi, kofia na soksi, alazwe wima kati ya matiti, uso ukiangalia upande, kisha afungwe na kanga na blanketi juu. Mama akichoka, baba ana kifua. Bibi pia anacho, na ukimwambia hivyo mara nyingi mjadala unaisha. Kuoga kwa kwanza kusogezwe hadi saa 24 zipite tangu kuzaliwa.

Moto ubaki nje, joto liingie

Kaa zinazobaki baada ya kupika bado zina kazi. Zitumie huko huko nje kuchemsha maji, kisha ingiza maji.

Dumu la lita 5 lenye maji ya nyuzi 80, likipoa usiku kucha hadi nyuzi 35, linatoa wastani wa kama wati 30 kwa saa nane. Mwili wa mtu aliyelala hutoa kama wati 70 au 80. Chini ya blanketi, nyongeza hiyo inasikika. Yakichemka, yaache kama dakika kumi, mimina, kaza kifuniko, pindua dumu kuangalia kama linavuja, lizungushie taulo au kanga mbili, liweke miguuni nusu saa kabla ya kulala. Chupa za soda na za maji ya kunywa zisitumike, maana hujikunja kwa maji ya moto na kupasuka. Mtoto mchanga asilalishwe na dumu. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni aliondoe kabla ya kuingia kitandani, maana ataungua bila kuhisi.

Baridi nyingi hutoka chini. Godoro jembamba linabonyea, na mabanzi ya kitanda yanapitisha upepo. Blanketi moja likitandikwa chini linaweza kusaidia kuliko la tatu juu. Asiye nalo atandike maboksi yaliyofunguliwa au magunia makavu chini ya godoro. Kofia ya sufu na soksi, bila aibu.

Je, niseme lolote kwa watakaoota jiko sebuleni kabla ya kulala? Nimelibadili jibu hili mara kadhaa. Ukweli ni kwamba hakuna kuota kwa mkaa ndani kulikokuwa salama. Lakini watakaoota wataota, na tofauti kati ya mlango uliofungwa na uliofunguliwa ni kubwa. Basi: mlango wazi, dirisha la upande wa pili wazi ili hewa ipite moja kwa moja, watu wote macho, na jiko litoke kabla ya wa kwanza kusinzia. Dirisha moja lililoachwa upana wa kidole si njia ya hewa.

Kengele za kaboni monoksaidi zipo, za betri. Hakikisha umepewa yenyewe, kwa kuwa kengele ya moshi haitambui gesi hii. Ndugu walio Ulaya na Marekani wasidhani hili ni la kwetu tu. Desemba 2006 dhoruba ilipokata umeme eneo la Seattle, Marekani, watu walikufa na mamia wakaugua kwa jenereta na mkaa uliowashwa ndani, wengi wao wahamiaji, na gazeti la Seattle Times likachapisha onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa. Huko mfuko wa mkaa hulazimika kuwa na onyo. Gunia letu lina kamba na majani mdomoni, basi.

Jiko lilale wapi

Waulize wapangaji kwa nini jiko linaingia ndani, utashangaa ni mara ngapi baridi haitajwi. Likibaki nje litaibiwa. Mvua italinyeshea na udongo utapasuka. Maharage hayajaiva na hakuna wa kuyalinda. Mlinzi wa usiku kwenye kibanda chake cha bati analiingiza kwa sababu hana mlango mwingine, na mwenye kampuni amempa koti na rungu.

Hayo matangazo ya redio hayayagusi.

Kuzima kaa kwenyewe ni rahisi. Zihamishe kwa koleo kwenye kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, huko huko nje. Zikikosa hewa zitazima, na kesho unazitumia tena, jambo ambalo kwa bei ya mkaa ya sasa linajitetea. Kumwagia maji jiko la udongo likiwa la moto kutalipasua.

Jiko tupu likishapoa linaweza kuingia ndani na kulala popote. Lisilopoa linahitaji mahali, na mahali ni kazi ya mwenye nyumba: kipaa cha bati kilichoegemezwa ukuta wa uani, mbali na madirisha, na chini yake kizimba cha nondo na wavu wa chuma kilichojengewa kwenye zege, chenye kitasa cha kufuli kwa kila mpangaji. Fundi wa kuchomelea anakimaliza kwa siku moja. Kinalinda jiko dhidi ya mvua na mwizi, na sufuria ya maharage inaweza kuendelea humo hadi usiku wa manane bila mtu kukaa kuilinda. Wenye nyumba wanaoweka kwenye masharti ya upangaji "ni marufuku kupikia chumbani" bila kujenga mahali pa kupikia wanajua fika jiko litakuwa wapi saa nne usiku.